Kinga ya umeme wakati wa baridi: weka kwanza batri kwenye mizani ya samaki

Mwezi wa saba, saa kumi na moja ya asubuhi, kando ya ziwa Tshangalele watu wanatoka nyumbani na blanketi mabegani. Ukungu umelala juu ya maji, moshi wa babula nao unakaa chini, haupandi. Tilapia na kambale waliovuliwa usiku wamekwisha kupangwa katika vikapu, na wenye kinga wanafunga mizigo yao na kamba za mpira, maana soko la Likasi halingoji mtu.

Katika msululu huo, siku hizi mara moja moja unaona kinga moja yenye sanduku jeusi katikati na waya unaoshuka mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Hiyo ni kinga ya umeme, ndiyo baiskeli yenye mota na batri. Wasikilizaji wetu wametuuliza maswali mawili: je, baridi hii haiui batri? Na mtu akitaka kununua, achague namna gani?

La kwanza nitalijibu haraka, maana ni jepesi. La pili ndilo linakula pesa za watu, na hapo tutakaa.

Baridi yetu na baridi ya Ulaya

Maonyo mengi juu ya batri na baridi yanatoka kule ambako maji yanaganda barabarani. Ndani ya batri ya lithiamu, chembe za lithiamu zinahama toka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi inapozidi, zinatembea polepole kama asali iliyokaa inje usiku. Kwenye digri 0 batri inaweza kupoteza sehemu 10 mpaka 20 kwa mia ya mwendo wake. Tena kuichaji ikiwa chini ya sifuri ni kuiharibu kabisa: lithiamu inashindwa kuingia mahali pake, inajibandika juu kama kutu, na nguvu hiyo hairudi tena.

Sisi hatufiki huko. Likasi iko kwenye urefu wa mita karibu 1300 juu ya bahari, ndiyo sababu mwezi wa sita na wa saba usiku kipimajoto kinashuka chini ya 10, lakini machana jua likipanda tunafika 25 na hata zaidi. Kwa baridi ya namna hiyo batri nzuri inapunguza kidogo tu asubuhi, pengine sehemu moja kwa kumi, na jua likitoka inarudi kawaida.

Wenzetu wameisha kujaribu. Kigali, kampuni ya Ampersand inatembeza pikipiki za umeme tangu mwaka 2019. Kampala kuko Zembo, Nairobi kuko Roam, na Nairobi iko juu kupita Likasi, asubuhi za mwezi wa saba kule watu wanavaa makoti. Mfano unaotufaa sana mimi naona ni ule wa Zimbabwe, nchi yenye baridi na kiangazi pamoja kama sisi. Shirika la Mobility for Africa limeweka vijijini magari madogo ya umeme ya magurudumu matatu, yanaitwa Hamba, na wanaoyaendesha zaidi ni wamama wakulima. Wanapeleka mboga sokoni, batri ikiisha wanaibadilisha kwenye kituo chenye sahani za jua. Hakuna lami, hakuna waya wa umeme karibu, na inatembea.

Kwa hiyo mtu akikuambia usinunue sababu ya baridi, muulize kama aliwahi kuona barafu Likasi.

Mama na batri ya kilo tatu na nusu

Nakuja kwenye swali la pili. Mwaka uliopita, mama mmoja muuzishaji wa samaki, jirani ya dada yangu, alipokea zamu yake ya likelemba na akanunua kinga ya umeme kwa mtoto wake wa kiume. Muuzaji alikuwa mtu wa kupita, mimi sitataja mahali. Kwenye batri kulikuwa karatasi ya kung'aa: 48 V, 20 Ah. Waliambiwa inafanya kilometa 80.

Siku ya kwanza, mtoto alifunga kilo kama 40 za samaki na kuondoka gizani. Kwenye kama kilometa 20 taa ilizimika, mota ikazimika, na yeye akabaki na kinga nzito kuliko ile ya zamani, anasukuma kupanda kilima. Alifika sokoni wanunuzi wakubwa wamekwisha kurudia. Samaki waliuzishwa kwa bei ya kutupa. Nyumbani wote wakasema: ni baridi.

Haikuwa baridi. Siku nilipofika pale kwa kutembelea, batri ilikuwa mezani, nami nikaiinua kwa mkono mmoja bila shida. Ndipo mama mwenyewe aliivuta na kuitundika kwenye mizani yake ya samaki. Kilo tatu na nusu.

Hapo ndipo siri iko. Chembe za lithiamu zina uzito wake na hakuna fundi wa kuupunguza sana. Tufanye hesabu: volti ukizidisha na Ah unapata wati-saa, ndiyo ujazo wa batri, kama lita za bidoni. 48 mara 20 ni 960. Batri nzuri ya lithiamu, kila wati-saa 100 ina uzito wa karibu nusu kilo, na nyingine zaidi. Batri ya 960 inapaswa kukaribia kilo tano, au kupita. Ya kilo tatu na nusu, pamoja na sanduku lake la chuma, haiwezi kubeba 960 hata ukiiombea. Fundi alipoifungua alikuta ndani chembe zisizofika hata nusu ya zile zilizoandikwa, na nafasi iliyobaki imejazwa sponji.

Mimi naona hii ndiyo kazi ya kwanza ya mnunuzi, kabla ya rangi, kabla ya taa, kabla ya kuuliza bei ya mwisho. Toa batri kwenye kinga, iweke kwenye mizani. Sokoni mizani haikosekani. Muuzaji akikataa batri isitolewe, amekwisha kukujibu.

Kuna jambo la kuangalia ili usidanganyike upande mwingine. Ikiwa batri ni nzito mno, kilo 15 au 20, basi siyo lithiamu, ni risasi, ndugu ya batri ya gari. Hizi bei yake ni ya chini na zinavutia. Lakini ukizimaliza mpaka chini kila siku zinakufa haraka, kwa hiyo kwa kweli unatumia nusu tu ya kile kilichoandikwa. Baridi nayo inazipunguza kuliko lithiamu. Tena unasukuma uzito wa gunia dogo ambalo hutaliuzisha popote. Kwa mtu wa kwenda kanisani na kurudi zinaweza kutosha. Kwa mtu wa ziwani, mimi ningekataa.

Wati-saa ngapi kwa safari yako?

Kilometa zinazoandikwa kwenye karatasi zimepimwa na mtu mwembamba, bila mzigo, kwenye lami, na anakanyaga pedali. Wewe fanya hesabu yako. Mtu mmoja bila mzigo, anayesaidia kwa miguu, anakula kama wati-saa 10 kwa kilometa. Ukiweka kilo 40 za samaki juu ya njia ya mchanga na vilima, hesabu 20. Makala ya gunia mbili, hesabu zaidi ya hapo, na kusema ukweli makala inaomba magurudumu matatu.

Chukua safari ya kilometa 30 na mzigo: 30 mara 20 ni 600. Ongeza robo juu ya baridi ya asubuhi, uzee wa batri na upepo: 750. Kwa hiyo batri ya 48 V na 16 Ah, ambayo ni 768, inakufikisha. Ile ya 48 V na 10 Ah, ambayo ni 480, itakuacha njiani hata kama haina uongo wowote. Na kurudi je? Kurudi bila mzigo ni 300 hivi, ambazo lazima uzichaji mjini wakati samaki wanauzishwa, au uwe na batri ya pili. Batri mbili ndogo mara nyingi ni bora kuliko moja kubwa. Moja ikiharibika, kazi haisimami.

Kuhusu mota nitasema kidogo. Ile iliyo ndani ya gurudumu la nyuma ni rahisi kutengeneza, na haikuli mnyororo. Iliyo gurudumu la mbele inateleza kwenye mchanga, tena mzigo wote uko nyuma, kwa hiyo mbele kunakuwa kwepesi. Kwa mzigo, wati 500 na spoki nene. Mbele ya kulipa, panda nayo kilima pamoja na mzigo wa kweli, hata mkeo akae nyuma, na uangalie namba ya volti: ikianguka sana ukipanda na kurudi ukisimama, batri imechoka.

Swali la watu wa madini

Kila mara mtu anauliza, na vijana wa Kambove wanauliza kwa hasira kidogo: kobalti inatoka hapa kwetu, je, iko ndani ya hizi batri? Kongo inatoa zaidi ya sehemu 70 kwa mia ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na malori yake yanatupita kila siku na vumbi lake. Jibu ni: inategemea. Batri za lithiamu ziko za namna mbili kubwa. Namna moja ina nikeli, manganizi na kobalti, imeandikwa NMC. Nyingine ina chuma na fosfati, imeandikwa LFP au LiFePO4, na hiyo haina hata gramu moja ya kobalti.

Kwa uchungu wa mtu wa Likasi nitasema hivyo hivyo: kwa kazi yetu, ya chuma ndiyo nzuri zaidi. Inachajiwa mara 2000 na kupita ikitunzwa vizuri, wakati ile ya kobalti mara nyingi ni 500 mpaka 1000. Inavumilia joto, tena si rahisi kuwaka moto. Ubaya wake ni kwamba ni nzito, karibu kilo moja kwa kila wati-saa 100, na kwenye barafu inachoka mbele ya nyingine. Barafu hatuna. Uzito huo uukumbuke ukiwa kwenye mizani.

Kuchaji: umeme wa ziwa letu, na jua

Ziwa Tshangalele lenyewe limezaliwa na umeme. Ni maji ya Lufira yaliyozuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, na mashine zake zimeanza kutoa umeme tangu mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Zimetengenezwa upya kwa pesa za kampuni ya Kamoa Copper pamoja na SNEL, kazi ikamalizika mwaka 2021, na leo mashine sita zinaweza kutoa megawati 78. Nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vya wavuvi kuelekea migodini. Chini yake, nyumba nyingi zinawasha mishumaa. Hilo ni jambo la makala nyingine, lakini mwenye kinga ya umeme analigusa kila jioni.

Ukiwa na umeme wa SNEL, adui si kukosa umeme, ni kurudi kwake. Baada ya kukatwa, unarudi kwa kuruka, na chaja ndogo zinaungua. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, ngoja dakika kumi. Chaja iwe ile ile iliyokuja na batri. Batri ya NMC ya 48 V inajaa kwenye 54.6 V, ile ya LFP yenye chembe 16, ambayo nayo wauzaji wanaiita 48 V, inajaa kwenye 58.4 V. Vichwa vya waya vinaingia sawasawa. Ukiweka chaja ya pili kwenye batri ya kwanza, kama kikata-umeme cha ndani ni kibovu, unachoma nyumba.

Na hapa naomba tusikilizane. Wakati wa baridi tunafunga madirisha, tunalala wengi chumba kimoja, na kinga inaingizwa ndani juu ya wezi. Watu wanachaji usiku kucha karibu na godoro. Batri ya lithiamu ikiwaka inatoa moshi wa sumu kabla hujaona moto, na inawaka mlangoni, pale pale ulipoisimamisha. Ilale ndani, sawa, maana baridi na wezi viko inje. Lakini ichajiwe machana, mtu akiwa macho, juu ya simenti, mbali na mlango na mbali na bidoni ya petroli. Batri iliyoanguka, iliyovimba au iliyoingia maji isichajiwe tena hata kidogo.

Kwa wasio na waya wa SNEL, hapa ndipo baridi yetu inatubariki. Ulaya baridi inakuja na giza. Kwetu inakuja na jua: toka mwezi wa tano mpaka wa nane mbingu iko safi, na sahani ya jua inafanya kazi vizuri zaidi hewa ikiwa baridi kuliko ikiwa ya moto. Sahani ya wati 200, kwa saa tano za jua kali, ukitoa kile kinachopotea njiani, inakupa kama wati-saa 700 kwa siku. Hiyo inatosha safari ya samaki ya juu kule. Lakini ifutwe vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la malori na majivu ya nyasi zinazochomwa vinaifunika. Usiunge sahani moja kwa moja na batri. Lazima kuwe kirekebisha-chaji kinachofaa namna ya batri yako. Shida itarudi na masika, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, mawingu yakikaa siku tatu. Nunua ukijua hivyo.

Barabarani asubuhi

Mwili ndio unaoumizwa na baridi kuliko mashine. Kwenye kinga ya kawaida, miguu inakupasha joto. Kwenye ya umeme umekaa tu, na upepo wa kilometa 25 kwa saa unapita kwenye vidole. Baada ya nusu saa vidole vinakuwa kama vijiti, na vidole hivyo ndivyo vinavyoshika breki, na nyuma yako kuko kilo 40 zinazokusukuma. Soksi za zamani mikononi zinasaidia kama glovu hakuna. Karatasi ya gazeti chini ya koti, kifuani, wazee wa reli waliifanya na bado inafanya kazi. Mimi napendelea kukanyaga pedali kidogo njia yote: mwili unapata joto, batri inapona.

Ondoka kwa miguu, usiondoke kwa mota. Kinga yenye mzigo ikianza toka kusimama ndipo inavuta umeme mwingi sana, na asubuhi batri ikiwa baridi hilo linaichosha. Kanyaga mizunguko mitatu, halafu fungua mota polepole.

Ukungu ziwani ukiwa mzito, taa ya mbele peke yake haitoshi. Weka taa nyekundu nyuma na kitambaa cheupe juu ya mzigo, kwa sababu mzigo mara nyingi unaficha taa. Kinga ya umeme haina kelele, mama mwenye beseni kichwani hakusikii unakuja; weka kengele. Dereva wa lori naye hakuoni ndani ya vumbi la lori lililo mbele yake, kwa hiyo wakati malori mawili yanafuatana, simama pembeni mpaka vumbi lishuke. Unapoteza dakika mbili.

Kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi kidogo. Mnyororo upanguse kila jioni na kitambaa kikavu, kisha tone dogo la mafuta. Mafuta mengi yanashika vumbi na kuwa kama msasa. Umande wa asubuhi unaingia kwenye vichwa vya waya, vifunge na kipande cha mpira wa ndani ya tairi.

Na uweke akiba ya jioni. Katika kiangazi upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki. Asubuhi, ukitoka ziwani kwenda Likasi, unakupiga mgongoni na ubavuni, unaona batri inashuka polepole na unafurahi. Jioni ukirudi uko usoni. Mtoto wa yule mama, ambaye sasa ana batri ya LFP ya kilo saba na nusu waliyoipima watu watatu mbele ya muuzaji, amechora alama ya kalamu nyekundu kwenye saa ya volti. Sindano ikifika hapo angali mjini, hatoki Likasi kabla ya kuchaji.